Saa 40 za CPD: mwongozo kwa mhasibu asiyetaka kuhangaika Desemba

Wiki ya pili ya Desemba simu yangu huanza kulia. Mwaka mmoja ni mwenzangu wa Kilifi, mwaka mwingine ni kijana niliyefanya naye kazi zamani, lakini swali halibadiliki: "Dada, kuna semina yoyote iliyobaki? Nimepungukiwa saa 14." Wakati huo kumbi za hoteli za Nyali zimeshajaa harusi na wageni wa sikukuu, mwajiri ameshafunga bajeti ya mafunzo, na mwenye semina ya mwisho anajua fika kwamba wanaomjia hawana pa kwenda. Bei yake inaonyesha hivyo.

Saa hizo ni za CPD, yaani mafunzo endelevu ambayo mwanataaluma lazima ayakamilishe kila mwaka. Mwongozo huu ni wa wanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa umma walioidhinishwa Kenya. Nimeuandika kama mtu anayelipia sehemu kubwa ya mafunzo yake mwenyewe na ambaye amewahi kuanguka kwenye shimo hili. Ukiwa mwanachama wa chama kingine, tuseme wahandisi, wauguzi au mawakili, hesabu zako ni tofauti lakini kazi yenyewe inafanana sana.

Hatua ya 1: Jua unachodaiwa

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Kufaulu mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, hakukufanyi kuwa CPA(K), yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa. Mtihani unakupa sifa ya kuomba uanachama. Herufi hizo zinatumiwa na aliyesajiliwa na ICPAK chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na usajili huo una masharti yanayoendelea mwaka hadi mwaka. CPD ni mojawapo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwanachama asiyefuata viwango vilivyotolewa na Baraza la chama anaweza kuhesabiwa kuwa amekosea kitaaluma. Kwa hiyo usiichukulie CPD kama ombi la kiungwana.

Kiwango ni saa 40 kwa mwaka wa kalenda. Kati ya hizo, 25 ziwe za mafunzo rasmi na 15 zinaweza kuwa za kujisomea. Mwanzoni mwa kila mwaka soma mwongozo wa CPD ulio kwenye tovuti ya chama, kwa sababu maelezo ya ndani, kama vile shughuli ipi inapewa saa ngapi, hurekebishwa mara kwa mara.

Kiwango hiki hakikuzuka Nairobi. ICPAK ni mwanachama wa IFAC, shirikisho la wahasibu la dunia, na katika familia hiyo kuna kiwango cha elimu kiitwacho IES 7. Kipimo kilichozoeleka chini yake ni saa 120 kwa kila miaka 3, angalau 60 ziwe na ushahidi, na usishuke chini ya saa 20 katika mwaka wowote. Piga hesabu utaona: saa 25 rasmi mara 3 ni 75. Kenya imejiwekea kiwango cha juu kidogo kwenye upande unaohitaji karatasi.

Sasa, rasmi ni nini na kujisomea ni nini? Mafunzo rasmi ni yale ambayo mtu wa tatu anaweza kuyathibitisha: semina, warsha, kongamano, kozi ya chuo, mafunzo ya ndani kazini yenye ratiba na mkufunzi, webina yenye rekodi ya aliyeingia na aliyetoka. Kufundisha pia kumo, na kuandika makala ya kitaaluma, na kukaa kwenye kamati ya kiufundi ya chama. Kujisomea ni ule usomaji wako wa kawaida: jarida, waraka mpya wa KRA (mamlaka ya mapato), sura ya IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, uliyoifungua usiku kwa sababu mteja amekuuliza swali ambalo hukulijua. Unajifunza kwelikweli, ila hakuna aliyekuona.

Wengi hukosea wanapodhani saa za aina moja zinaziba pengo la nyingine. Ukisoma saa 60 nyumbani bila semina hata moja, bado unadaiwa 25. Upande wa pili hauna shida kiasi hicho, maana mtu mwenye saa 40 rasmi hakosi usingizi kwa kukosa za kujisomea.

Neno kwa wenye uanachama wa ACCA, chama cha wahasibu chenye makao yake Uingereza, pamoja na ICPAK, na Mombasa tuko wengi. ACCA wanataka vipimo 40 kwa mwaka, 21 vikiwa na ushahidi na 19 vya kawaida, na saa moja ni kipimo kimoja. Mafunzo yale yale yakihusiana na kazi yako unaweza kuyaandika pande zote mbili. Ukitimiza 25 za Kenya, umeshavuka 21 za kule. Hakuna haja ya kulipa semina mbili za mada moja.

Hatua ya 2: Fungua akaunti yako ya mwanachama mwezi Januari

Sio Novemba. Ingia, tazama saa zilizosajiliwa mwaka uliopita, linganisha na zile unazokumbuka. Hakikisha namba ya uanachama, jina na baruapepe viko sawasawa. Wakati mwajiri anapowaandikisha wafanyakazi 10 kwa mpigo, karani wa ofisi huandika majina anavyoyasikia, na wewe Mwanaisha unageuka Monica. Saa zinakwenda kwa Monica. Kama una baruapepe ya kazi na umebadilisha kazi, badilisha pia kwenye akaunti, la sivyo vyeti vitaendelea kwenda kwenye sanduku usiloweza kulifungua.

Hapo hapo lipa ada ya mwaka. Saa 40 zilizokamilika hazitakupa barua ya kuthibitisha hadhi njema ikiwa ada inadaiwa, na ada iliyolipwa haifuti pengo la saa. Vyote viwili vinatazamwa pamoja.

Hatua ya 3: Iulize kazi yako, usiulize kalenda ya semina

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi kuliko hatua nyingine zote, na ndipo watu hupita mbio. Mtu hufungua orodha ya semina, anatafuta iliyo karibu au iliyo na chakula kizuri, anajiandikisha. Mwisho wa mwaka ana saa 40 na bado hajui kuandaa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

Chukua karatasi. Andika mambo matatu yaliyokutia jasho kazini mwaka uliopita. Sisemi mambo unayoyapenda, nasema yaliyokutia jasho. Halafu andika mambo mawili yanayokuja ambayo hujawahi kuyagusa. Hayo matano ndiyo mpango wako.

Nitoe mifano, maana bila mifano ushauri huu ni maneno matupu.

Wewe ni mhasibu wa mishahara kwenye kampuni ya wastani. Ndani ya miaka michache umeona viwango vipya vya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vikianza kutumika 2023, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na nyingine kama hiyo kwa mwajiri, kisha Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka na SHIF ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kabla hujapumua, tarehe 27 Desemba 2024 mabadiliko ya sheria za kodi yakaanza kazi: SHIF na tozo ya nyumba zikawa zinatolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa PAYE, kodi ya mshahara. Kama mwaka huo ulihudhuria semina ya uongozi wa kimkakati, sikulaumu, lakini mishahara ya Januari ilikosewa na nani?

Wewe uko kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi, wateja wako ni maduka ya jumla, shule za binafsi na kampuni za kupakua mizigo bandarini. Toleo la tatu la IFRS kwa biashara ndogo na za kati lilitolewa Februari 2025 na linaanza kutumika rasmi Januari 2027. Una muda wa kujifunza taratibu. Vilevile, Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, na mhasibu anayeshughulikia fedha za wateja, kununua nyumba kwa niaba yao au kuwaundia kampuni ana wajibu wa kuripoti chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Hili sio somo la mabenki peke yao.

Wewe uko kwenye kampuni inayotoa taarifa kamili za IFRS. IFRS 18, kiwango cha kuwasilisha taarifa za fedha kinachochukua nafasi ya IAS 1, inaanza na vipindi vya kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Lakini taarifa za 2027 zitahitaji takwimu za kulinganisha za 2026. Aliyesubiri hadi 2027 amechelewa mwaka mzima.

Na wewe wa kaunti, serikali imeanza kuhama kutoka hesabu za fedha taslimu kwenda kwenye mfumo wa kutambua mapato na gharama zinapotokea, hata kama fedha haijapita mkononi. Ghafla inabidi kila trekta, kila kisima na kila zahanati iwe na thamani kwenye vitabu. Semina moja ya IPSAS, viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, juu ya mali za kudumu itakusaidia kuliko nne za aina nyingine.

Katika matano yako, moja liwe la maadili. Najua linachosha. Lakini kesi zinazofika kwenye kamati za nidhamu za taaluma yoyote mara chache huanza na mtu asiyejua kukokotoa uchakavu wa mali. Huanza na mtu aliyeombwa na bosi "kusogeza" ankara moja mbele na hakujua aseme vipi hapana.

Hatua ya 4: Gawa saa kwenye miezi

Saa 15 za kujisomea ni dakika 900. Ukizigawa kwa wiki 52 unapata kama dakika 17 kwa wiki. Ni muda wa kusubiri feri ya Likoni siku nzuri. Saa 25 rasmi, ukizimaliza Novemba, ni kama saa 2 na robo kwa mwezi.

Lakini usizigawe sawasawa, kwa sababu kazi yetu haina miezi sawa. Kuanzia Januari hadi Aprili wakaguzi hawalali. Mwisho wa Juni kuna marejesho ya kodi ya mwaka. Wa kaunti na wizara hufunga vitabu tarehe 30 Juni na taarifa zinatakiwa kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo Agosti na Septemba msiwategemee. Na ndani ya kila mwezi, PAYE ni kabla ya tarehe 9 kuisha na VAT ni tarehe 20. Ukijiandikisha webina ya tarehe 8 mchana, najua utakachofanya: utaifungua, utaizima sauti, na utaendelea na mishahara.

Mpango wangu mimi uko hivi. Mei naenda Semina ya Mwaka, ambayo mara nyingi hufanyika hapa kwetu Mombasa. Wenzangu wa Nairobi hushuka na treni ya SGR na masanduku. Mimi napanda tuktuk. Inanipa saa nyingi kwa mkupuo na nakutana na watu ambao vinginevyo nisingewaona. Zilizobaki nazijaza kwa webina mbili au tatu baada ya Julai, wakati Sheria ya Fedha ya mwaka huo imeshaanza kutumika na wakufunzi wanajua wanachokisema. Oktoba naweka warsha moja ya siku nzima kwenye lile jambo lililonitia jasho zaidi. Novemba siweki kitu. Novemba ni mwezi wa kuziba mapengo.

Kuna wanaomaliza saa zote 25 kwa kongamano moja la siku nne na kusahau CPD hadi mwaka mwingine. Kanuni haiwakatazi. Ila kichwa cha mtu aliyekaa ukumbini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni siku nne mfululizo nakijua, na cha kwangu kikiwemo, kuanzia siku ya tatu kinasikiliza mawimbi.

Hatua ya 5: Tafuta pesa, na tafuta pasipohitaji pesa

Mwajiri kwanza. Usiende na ombi la "kuhudhuria semina". Nenda na sentensi moja: tatizo gani la kampuni litapungua nikirudi. Kisha mkumbushe kuhusu NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mkufunzi amesajiliwa na NITA na ombi limeidhinishwa kabla ya mafunzo kufanyika. Maneno hayo, kabla ya mafunzo, ndiyo yanayowaponza wengi. Ukipeleka karatasi baada ya kurudi, umechelewa. Mimi nimeona wakurugenzi wagumu wakilainika waliposikia pesa hiyo tayari inatoka mifukoni mwao.

Kama mko wahasibu watano au sita ofisini, mafunzo ya ndani ni rahisi kuliko kuwapeleka wote hotelini. Mleteni mtu mmoja anayeijua IFRS 16, kiwango cha mikataba ya upangaji, vizuri, siku moja, kwa mikataba yenu wenyewe ya kupangisha maghala. Mtajifunza zaidi. Ila soma hatua inayofuata kabla hamjaanza.

Ikiwa hakuna mwajiri wala bajeti, usikate tamaa. Matawi ya chama huandaa mikutano ya jioni ambayo ada yake ni ndogo kuliko ya hoteli. KRA hutoa mafunzo ya bure kwa walipa kodi, na wakati mwingine ofisa aliye mbele yenu ndiye yule yule atakayeshughulikia faili la mteja wako. Taasisi ya IFRS inakuruhusu kusoma viwango vyenyewe bila malipo ukijiandikisha kwenye tovuti yao. Hizo ni saa za kujisomea zilizo bora kuliko muhtasari wa mtu mwingine. Na kama unaweza kufundisha, jitolee. Kuandaa somo la saa mbili kunakulazimisha kusoma kwa saa nane, na mwongozo wa chama unatambua kazi hiyo.

Hatua ya 6: Weka ushahidi siku ile ile

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawaambia wateja hivyo kila siku, halafu vyeti vyetu wenyewe viko kwenye simu iliyoanguka kisimani.

Nikueleze shimo langu. Miaka kadhaa iliyopita kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilituletea mkufunzi kwa siku tatu. Yalikuwa mafunzo mazuri, hadi leo natumia jedwali alilotufundisha. Niliandika saa zake kwenye hesabu yangu ya mwaka bila wasiwasi. Nilipotakiwa kuonyesha ushahidi, idara ya rasilimali watu haikuwa na orodha ya mahudhurio. Aliyekuwa akiishika alishaacha kazi. Mkufunzi alishahama nchi. Ratiba haikuwahi kuchapishwa. Nilikuwa na daftari langu lenye maandishi yangu na michoro ya vikombe vya kahawa. Saa zile zote zikafutika, na Desemba hiyo nikawa mimi ndiye ninayewapigia watu simu.

Tangu hapo, kabla sijaondoka ukumbini au kufunga kompyuta, naweka vitu hivi kwenye jalada moja la mtandaoni lenye jina la mwaka:

- cheti cha ushiriki, au barua ya mwandaaji kama cheti kitachelewa
- ratiba inayoonyesha mada na muda
- nakala au picha ya orodha ya mahudhurio yenye jina langu
- risiti ya malipo, hata kama aliyelipa ni mwajiri
- kwa mafunzo ya ndani, wasifu mfupi wa mkufunzi na nakala ya alichofundisha

Halafu mstari mmoja kwenye jedwali: tarehe, mada, mwandaaji, saa, na sentensi moja ya nilichojifunza au nilichobadilisha kazini. Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiacha. Usiiache. Miezi minane baadaye cheti kilichoandikwa "Warsha ya Kodi" hakikuambii kitu, lakini "nimegundua tulikuwa tukikata kodi ya zuio kwenye huduma ambazo hazistahili" kinakuambia kila kitu, na kinamwambia hata anayekukagua.

Kuhusu kuhesabu saa, kuwa mwaminifu. Semina ya kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri sio saa 8. Toa chai, toa chakula cha mchana, toa ile nusu saa ya mgeni rasmi aliyechelewa. Mara nyingi cheti chenyewe kimeandika idadi ya saa, basi tumia hiyo. Na kama ulisaini asubuhi ukaenda kuogelea ufuo wa Pirates hadi wakati wa cheti, hizo saa hazikuwepo. Huo ni uongo wa maandishi unaofanywa na mtu ambaye kazi yake ni kuthibitisha maandishi ya wengine.

Za kujisomea nazo ziandike, japo hakuna anayekudai cheti. Jina la ulichosoma, tarehe, dakika. Nusu saa ya Ijumaa jioni inatosha kujaza wiki nzima.

Hatua ya 7: Dai saa ulizozipata nje ya chama

Matukio ya chama chenyewe kwa kawaida huingia kwenye akaunti yako bila wewe kufanya kitu, isipokuwa pale jina lilipokosewa. Ya nje hayaingii yenyewe. Inabidi uyapeleke kupitia akaunti ya mwanachama, upakie ushahidi, usubiri yakubaliwe.

Peleka ndani ya mwezi mmoja wa tukio. Anayepokea maombi mwezi Machi ana maombi machache mezani na atakuuliza kwa upole kama ratiba haikuonekana vizuri. Yule yule mwezi Desemba ana rundo. Ukikataliwa, soma sababu kabla ya kulalamika. Mara nyingi ni kwamba mada haihusiani na kazi ya uhasibu au ushahidi haukuonyesha saa. Kozi ya kupamba keki ni jambo jema, lakini sio CPD. Kozi ya Kifaransa kwa mhasibu anayehamia Bujumbura, hapo una hoja, iandike vizuri.

Nimetaja Bujumbura kwa sababu. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo mwanachama wa Kenya anaweza kuomba kusajiliwa Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi bila kuanza upya mitihani yote. Lakini chama cha kule kitataka uthibitisho kutoka kwa chama chako kwamba uko sawa, na kwamba hukuacha saa zako zikarundikana deni. Vijana wanaowinda kazi Kigali na Dar hugundua hili wakiwa wameshapata barua ya ajira.

Hatua ya 8: Ukikwama, sema mapema

Uzazi, ugonjwa mrefu, kumuuguza mzazi, kupoteza kazi. Mambo haya hutokea kwa wahasibu pia. Aliyestaafu na hafanyi tena kazi ya kitaaluma naye yuko kwenye hali yake. Andika kwa chama hali inapoanza, sio mwaka unapokwisha, ueleze kwa ufupi, uambatanishe uthibitisho kama vile barua ya daktari, na uombe kupunguziwa au kuongezewa muda. Barua ya Aprili inasomeka kama taarifa. Ya tarehe 29 Desemba inasomeka kama kisingizio hata kama kila neno ni kweli.

Dada zangu mliojifungua: msikubali kuambiwa kuwa likizo ya uzazi ni "muda mzuri wa kufanya webina." Aliyesema hivyo hajawahi kukesha na mtoto. Ombeni nafuu.

Kwa aliyepungukiwa saa chache tu na mwaka unayoyoma: tazama kwanza zile ulizohudhuria na hukuzidai. Katika watu wanaonipigia simu Desemba, karibu kila mmoja ana cheti fulani kilichosahaulika, webina ya Machi, mafunzo ya benki, somo alilofundisha chuoni. Tafuta kwenye baruapepe neno "cheti" na jina la kila mwandaaji unayemkumbuka. Baada ya hapo ndipo ulipie webina.

Hatua ya 9: Omba barua yako kabla hujaihitaji

Tangazo la kazi linalotaka mhasibu mwenye CPA karibu kila mara hudai uwe mwanachama wa ICPAK mwenye hadhi njema. Zabuni za ukaguzi hudai hivyo hivyo kwa kila mshirika wa ofisi, na mshirika mmoja aliyepungukiwa anaweza kuiangusha zabuni ya wote. Matangazo haya hutoka na siku 14, wakati mwingine 7. Siku hizo sio za kugundua kwamba saa zako 6 za Agosti hazikuwahi kukubaliwa.

Kwa hiyo Januari, ada ikishalipwa na saa za mwaka uliopita zikishaonekana zote kwenye akaunti, omba barua, ipakue, ihifadhi kwenye jalada la mwaka mpya. Ikionyesha pengo, unalishughulikia ukiwa huna presha ya mtu. Na chama kikikuandikia kwamba umechaguliwa kwa uhakiki wa saa zako, jibu ndani ya muda uliotajwa na peleka ushahidi kwa mpangilio wa tarehe, jedwali likiwa ukurasa wa kwanza na kila cheti kimepewa namba inayolingana na mstari wake. Ni vile vile unavyowaomba wateja wako waandae vocha zao kabla hujafika na kalamu yako ya kijani.